Patrick Henry, Gavana Aliyekiri Kosa Kisha Akalirithisha

Machi 23, 1775, ndani ya kanisa la St. John's mjini Richmond, wakili mmoja wa Virginia, wakati huo koloni la Uingereza huko Amerika Kaskazini, alisimama mbele ya wajumbe wenzake na kuwataka waunde mgambo wa kupambana na mfalme wa Uingereza. Maneno yanayonukuliwa mpaka leo, yale ya kutaka apewe uhuru au apewe kifo, yaliandikwa na msimulizi wa maisha yake zaidi ya miaka 40 baadaye, kutokana na kumbukumbu za waliokuwapo. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba hotuba ilitolewa na kwamba ukumbi ulitikisika. Katika hotuba hiyo, kama ilivyotufikia, Patrick Henry aliwauliza wenzake kama uhai na amani ni vitamu kiasi hicho hata vinunuliwe kwa bei ya minyororo na utumwa.

Miaka miwili kabla yake, Januari 1773, mtu huyohuyo alimwandikia barua rafiki yake wa dhehebu la Quaker, wale ambao Kaimosi na Vihiga, magharibi mwa Kenya, wanajulikana kama Marafiki. Alikuwa ametumiwa maandishi ya kupinga biashara ya utumwa, naye akajibu kwa shukrani. Akaandika kwamba inashangaza kuona katika nchi inayopenda uhuru kuliko nchi nyingine zote, watu wanaofuata dini ya huruma wakishikilia jambo linalopingana na ubinadamu, na Biblia, na uhuru wenyewe. Kisha akajigeukia: «Nani angeamini kwamba mimi ni bwana wa watumwa niliowanunua mwenyewe? Ninavutwa tu na usumbufu wa kuishi bila wao. Sitaki kulitetea jambo hili, wala siwezi.»

Wanaompenda Henry huichukua barua hii kama kinga. Husema, angalau dhamiri ilimsuta. Angalau hakuwa kama wale waliodai kwamba utumwa ni amri ya Mungu. Mimi naisoma kinyume. Barua ile inamnyang'anya utetezi pekee ambao ungeweza kumsaidia, yaani kwamba watu wa zama zake hawakujua. Alijua. Alijua akiwa na miaka 36, akaishi miaka mingine 26 akiwa na sauti kubwa kuliko mtu yeyote wa Virginia, akawa gavana mara tano, na katika miaka yote hiyo ujuzi wake haukumgharimu hata siku moja ya kazi shambani.

Alizaliwa mwaka 1736 katika kaunti ya Hanover, baba yake akiwa Mskoti aliyehamia Virginia. Hakuzaliwa katika utajiri mkubwa. Mwaka 1754, akiwa na miaka 18, alimwoa Sarah Shelton, na mahari aliyokuja nayo bibi harusi kutoka kwa babake ilikuwa shamba la ekari 300 lililoitwa Pine Slash pamoja na watumwa 6. Ardhi ilikuwa imechoka kwa tumbaku. Miaka mitatu baadaye nyumba iliteketea kwa moto, naye akauza baadhi ya wale watumwa ili apate mtaji wa kufungua duka. Duka nalo likafa. Wasimulizi wengi hupita hapa haraka wakimhurumia kijana aliyeandamwa na mikosi. Mimi ningependa tusimame kidogo. Kijana alipata hasara, na waliolipa hasara hiyo ni watu waliopelekwa sokoni, wakatenganishwa na waliobaki, ili yeye aanze upya. Mfumo ule ulifanya kazi hivyo kila siku ya kawaida, hata bila mjeledi kuinuliwa: mtumwa alikuwa akiba ya dharura ya bwana wake.

Mkulima wa Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, hahitaji kuelezwa maana ya kulima tumbaku, maana aina anayoilima bado inabeba jina la Virginia. Anajua kitalu kinavyotaka kufunikwa na kumwagiliwa, miche inavyosubiriwa mvua ndipo ihamishwe, ua linavyokatwa ili nguvu irudi kwenye majani, machipukizi yanavyong'olewa moja moja, wadudu wanavyotolewa kwa mkono jani kwa jani, na kazi ya bani, nyumba ya kukaushia majani, inavyomnyima mtu usingizi. Virginia ya karne ya 18 kazi hiyo yote ilifanywa hivyohivyo kwa mikono, kuanzia kitalu cha majira ya baridi mpaka majani makavu yanaposhindiliwa ndani ya mapipa makubwa, pipa moja likibeba takriban ratili 1,000, yaani karibu kilo 450, tayari kwa meli ya London au Glasgow. Tofauti ni kwamba mwenye mikono hakupata kitu. Tumbaku ilikuwa fedha halisi ya koloni. Hata mapadri wa kanisa la serikali walilipwa mshahara wa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Kesi iliyomtoa Henry kwenye giza mwaka 1763 ilitokana na mshahara huo. Bei ilipopanda, wabunge wa koloni waliamua mapadri walipwe kwa fedha, peni mbili kwa ratili. Mfalme akabatilisha sheria. Padri mmoja akadai fidia. Henry, akiwatetea walipa kodi, alisema mfalme anayefuta sheria njema amekuwa dhalimu na amepoteza haki ya kutiiwa. Padri akapewa fidia ya peni moja.

Hoja ile ndiyo mbegu ya siasa zake zote: mamlaka ya mbali yasiyowajibika kwa mtu hayana haki juu ya mali yake. Mwaka 1765 aliipeleka katika baraza la koloni dhidi ya ushuru wa stempu uliotozwa na bunge la London, na mwaka 1775 akaifikisha kanisani Richmond. Ni hoja yenye nguvu, na katika mambo mengi alikuwa sahihi. Ila mali yenyewe, katika Virginia, ilikuwa na macho na masikio.

Jambo hilo lilijidhihirisha haraka. Novemba 1775 gavana wa mfalme, Lord Dunmore, akiwa amekimbilia melini, alitoa tangazo kwamba mtumwa yeyote wa waasi atakayejiunga na jeshi la Uingereza na anayeweza kubeba silaha atakuwa huru. Dunmore hakuwa mkombozi. Naye alikuwa na watumwa wake, na tangazo lilikuwa mbinu ya vita. Lakini mamia walitoroka usiku kwa mitumbwi na kwa miguu kuzifuata meli zake, na wengi wao walikufa kwa ndui kambini. Hao ni watu waliochagua uhuru au kifo bila hotuba, na kilichowapata wengi kilikuwa kifo.

Henry alifanya nini? Wakati huo alikuwa kanali, mkuu wa kikosi cha kwanza cha Virginia. Novemba 20, 1775, akiwa makao makuu Williamsburg, alisambaza waraka kwa wakuu wa mgambo wa kaunti. Aliliita tangazo la Dunmore hatari kubwa kwa usalama wa umma, akawataka wawe macho bila kulegea katika kuwatawala watumwa, akasisitiza kwamba doria za mara kwa mara na zilizopangwa vizuri ni za lazima kabisa. Miezi minane tu ilikuwa imepita tangu ile siku ya kanisani. Ukiuweka waraka ule kando ya barua ya 1773 unaona jambo ambalo barua peke yake haionyeshi. Kule kwa rafiki yake wa Quaker alisema anavutwa tu na usumbufu wa kuishi bila watumwa. Kwenye waraka hakuna kuvutwa. Kuna mkono unaoandika amri ya kumrudisha mtoro.

Juni 29, 1776, siku ileile katiba mpya ya Virginia ilipopitishwa, Henry alichaguliwa kuwa gavana wa kwanza wa jimbo huru. Akahamia katika jumba la Williamsburg alilolikimbia Dunmore. Cheo chenyewe kilikuwa kimekatwa mbawa makusudi. Gavana alichaguliwa na bunge, si na wananchi. Alihudumu mwaka mmoja mmoja, asizidi mitatu mfululizo. Alilazimika kushauriana na baraza la watu wanane. Na hakuwa na uwezo wa kuzuia sheria. Wale watu walikuwa wametawaliwa na magavana wa mfalme kwa muda mrefu, na hawakutaka kumuumba mwingine. Henry alihudumu mpaka 1779 akamwachia Thomas Jefferson, kisha akarudi kwa vipindi viwili zaidi kati ya 1784 na 1786.

Kama msimamizi wa vita alijitahidi sana. Alihangaika kutafuta chumvi, nguo na ng'ombe kwa ajili ya jeshi la George Washington, na alipoletewa barua isiyo na jina iliyomkashifu Washington, aliipeleka kwa Washington mwenyewe badala ya kuitumia kwa faida yake. Mwanzoni mwa 1778 alimpa ofisa wa mgambo, George Rogers Clark, maagizo ya siri ya kwenda magharibi, na Julai 4 mwaka huo Clark akauteka mji wa Kaskaskia, katika nchi iliyokuja kuwa Illinois. Tutarudi Illinois baadaye kidogo.

Katika kipindi chake pia, mwaka 1778, Virginia ilipiga marufuku kuingiza watumwa wapya kutoka nje, na mtumwa aliyeletwa kinyume cha sheria alitakiwa awe huru. Hatua hiyo ilikuwa ya kweli, na iliwaokoa watu wa kweli. Sitaki kuidharau. Lakini ni lazima tuitazame pia kwa jicho la hesabu. Virginia haikuwa tena na njaa ya watumwa wapya. Idadi ya waliokuwapo ilikuwa ikiongezeka kwa uzazi, na tumbaku ilikuwa imechosha ardhi. Kuufunga mlango wa bandari kuliongeza thamani ya waliokuwa tayari ndani. Mwenye mashamba wa Virginia angeweza kupiga kura ya kuzuia biashara ile akalala akiwa na dhamiri safi, na asubuhi akaamka tajiri zaidi ya jana. Sheria ya aina hiyo si kipimo cha moyo wa mtu, kwa kuwa haimwombi atoe chochote.

Na mali yake ilikuwa inakua. Mwaka 1777, Sarah akiwa ameshafariki, alimwoa Dorothea Dandridge, aliyekuja naye na watumwa wengine. Alipotoka ugavana mwaka 1779 alihamia Leatherwood, shamba la ekari zipatazo 10,000 katika kaunti iliyopewa jina lake mwenyewe. Alikuwa na watoto 17 kwa wake wawili, na kila mtoto alihitaji urithi. Alinunua ardhi, akauza, akanunua tena, na kila ardhi ilihitaji watu wa kuilima.

Sasa tufike Juni 1788, maana hapa ndipo mtu huyu anapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Mkutano wa Virginia ulikaa Richmond kuamua kama jimbo liikubali katiba mpya ya Marekani. Henry aliongoza upinzani, akisema serikali kuu itakuwa na nguvu kupita kiasi na kwamba hakuna tamko la haki za raia. Katika hoja hiyo ya pili historia imempa haki. Kelele za watu kama yeye zilichangia kuwalazimisha wenzao kuongeza yale marekebisho 10 yaliyopitishwa mwaka 1791, na kila Mmarekani anayesema anachotaka bila kukamatwa anamdai Henry shukrani kidogo.

Lakini Juni 24, siku moja kabla ya kura, alichomoa silaha nyingine. Aliwaonya wajumbe kwamba serikali hiyo, miongoni mwa mamlaka elfu kumi inayoweza kujitwalia, ikiwa vitani inaweza ikitaka kuwaacha huru watumwa wenu wote. Alisema utumwa unachukiwa, kwamba wanaona madhara yake na kuusikitikia kwa huruma yote ya kibinadamu. Alisema nafsi yake ingefurahi kila binadamu mwenzake akiachwa huru. Kisha: «Kadiri ninavyousikitikia utumwa, naona busara inakataza kuufuta.» Serikali kuu itakuwa na uwezo huo, akasema, na hakika itautumia, wengi watakaoamua ni watu wa kaskazini ambao hawana kitu cha kupoteza.

Soma tena hoja hiyo taratibu. Mtu anayeamini kwamba utumwa ni uovu, anayesema nafsi yake ingefurahi ukiisha, anaiona kwa mbali nguvu inayoweza kuumaliza, na kwa sababu hiyohiyo anawasihi wenzake waikatae nguvu hiyo. Hakusema serikali itashindwa kuwaacha huru. Alisema itaweza, na uwezo huo ndio uliomtisha. Mimi sijaona mahali pengine katika kumbukumbu za waasisi wa Marekani ambapo huruma na maslahi vimewekwa mezani pamoja kwa uwazi kiasi hiki, na maslahi yakashinda bila hata kujificha.

Hapa pia ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba Henry alijipinga, kwamba alihubiri uhuru huku akitenda kinyume. Naona mambo yake yameshikana vizuri mno. Kwake uhuru ulikuwa ni kutoguswa: mtu mwenye shamba lake, familia yake na watu wake asiguswe na mfalme, wala bunge la London, wala bunge la Marekani lililokaa New York. Ndani ya mipaka ya shamba, mamlaka yaliruhusiwa kuwa makubwa kuliko ya mfalme yeyote. Gavana wa Virginia hakuweza kuzuia sheria hata moja, lakini gavana huyohuyo akirudi nyumbani aliweza kumuuza mtoto wa mtu. Kila aliposema mamlaka yadhibitiwe alimaanisha mamlaka yaliyo juu yake. Mamlaka yaliyo chini ya mkono wake hayakuingia katika falsafa yake, isipokuwa kama huzuni.

Mkutano ulipiga kura Juni 25, na katiba ikapita kwa kura 89 dhidi ya 79.

Najua jibu linalokuja: ilikuwa vigumu, sheria zilibana, hakuna aliyefanya tofauti. Tuchukue moja moja. Sheria kwanza. Kabla ya 1782, mwenye mtumwa Virginia hakuweza kumwacha huru kwa hiari yake bila kibali cha serikali. Mwaka 1782 bunge lililegeza, na kuanzia hapo hati au wosia uliosainiwa mbele ya mashahidi ulitosha. Watu huru weusi wa Virginia, waliokadiriwa kuwa kama 2,000 wakati huo, walikuwa wamezidi 12,000 kufikia sensa ya 1790, na kama 20,000 mwaka 1800. Mwaka 1806 mlango ulifungwa nusu: aliyeachwa huru alitakiwa kuondoka jimboni ndani ya miezi 12. Kwa hiyo katika historia yote ya utumwa wa Virginia kulikuwa na dirisha moja la miaka 24 ambapo jambo hili lilikuwa rahisi kuliko wakati wowote. Henry aliishi miaka 17 ndani ya dirisha hilo, tena kwa muda akiwa gavana, na hakulitumia.

Kwamba hakuna aliyefanya tofauti nalo si kweli. Familia ya Pleasants, watu wa Quaker wa Virginia, walikwenda mpaka mahakama ya juu ya jimbo kutetea wosia wa baba yao uliowaacha huru mamia ya watu, na mwaka 1799 mahakama ikawapa ushindi. Robert Carter wa Nomini Hall, aliyekuwa tajiri kumzidi Henry kwa mbali, aliwasilisha hati mwaka 1791 ya kuwaacha huru hatua kwa hatua watu zaidi ya 450. Carter hakuwa msemaji. Hakuna mtoto wa shule anayekariri maneno yake. Aliandika majina na umri wa watu, akapeleka orodha mahakamani, akavumilia hasira za majirani.

Na yupo Edward Coles, ambaye ananirudisha Illinois. Alikuwa jamaa wa Henry kupitia ukoo wa Winston, alikotoka mama yake Henry. Alirithi watumwa kwa baba yake mwaka 1808, akiwa kijana wa miaka 21. Mwaka 1814 alimwandikia Jefferson akimwomba aongoze harakati za kukomesha utumwa Virginia; Jefferson akajibu kwamba kazi hiyo ni ya vijana, na akamshauri asiwatelekeze watu wake. Aprili 1819 Coles aliwasafirisha kuelekea magharibi bila kuwaambia azma yake. Wakiwa ndani ya mashua, wakielea mto Ohio chini ya Pittsburgh, asubuhi ikiwa tulivu, aliwakusanya na kuwaambia kwamba kuanzia saa ile wako huru, wanaweza kuendelea naye au kushuka popote wapendapo. Kwa mujibu wa Coles mwenyewe, kwa muda hakuna aliyeweza kusema neno. Walipofika Illinois, kila mkuu wa familia alipewa ekari 160. Mwaka 1822 Coles akachaguliwa kuwa gavana wa jimbo hilo, na wapinzani wake walipotaka kubadilisha katiba ili kuhalalisha utumwa, alitumia mshahara wake kupigana nao. Agosti 1824 wananchi walikataa kwa kura 6,640 dhidi ya 4,972. Maadui zake walimshtaki kwa kuwaacha watu huru bila kuweka dhamana, akatozwa faini ya dola 2,000 iliyokuja kufutwa baadaye. Gharama ilikuwapo. Coles aliilipa akaendelea kuishi, na alifariki akiwa mzee Philadelphia mwaka 1868.

Nimemtaja Coles kwa kirefu kwa sababu anajibu neno lile alilolitumia Henry mwaka 1773, usumbufu. Coles alisumbuka. Usumbufu ulikuwa na ukubwa unaopimika: dola kadhaa, majirani kadhaa, safari ndefu, na ekari 160 kwa kila familia. Kwa Henry usumbufu huo haukuwahi kupimwa. Uliachwa kama ukungu, na ndani ya ukungu mtu anaweza kujificha maisha yake yote.

Mwaka 1799 ndio unaonipa kipimo cha mwisho, kwa kuwa Virginia ilizika watu wake wawili mashuhuri ndani ya mwaka huo. Washington alikufa Desemba, na wosia wake ukaamuru watumwa 123 aliowamiliki mwenyewe waachwe huru mke wake atakapofariki. Mke aliwaacha huru mapema zaidi, Januari 1, 1801. Washington alichelewa mno, na aliwahi kuwasaka watoro wake kwa ukali. Lakini alipofika ukingoni aliandika sentensi inayowabana warithi wake.

Henry alikuwa amemtangulia kwa miezi sita. Alifariki Juni 6 katika shamba lake la Red Hill, kaunti ya Charlotte, akiwa tajiri, akiwa na ardhi nyingi na watumwa 67. Wosia wake ulimpa Dorothea Red Hill na watumwa 20, awachague mwenyewe kati ya wote. Waliobaki waligawanywa kwa warithi wengine. Kuhusu uhuru kuna sentensi moja tu: kama mke wangu akipenda kumwacha huru mtumwa mmoja au wawili, awe na mamlaka kamili ya kufanya hivyo. Mmoja au wawili, na kama akipenda. Mtu aliyeandika kwamba hawezi kulitetea jambo hili, alipopewa nafasi ya mwisho ya kulirekebisha bila yeye mwenyewe kupoteza hata kijiko cha chai, aliisukuma nafasi hiyo kwa mjane wake na kuipunguza mpaka ikaenea kiganjani.

Pamoja na wosia huo iliachwa karatasi nyingine, nakala ya maazimio yake ya 1765 dhidi ya ushuru wa stempu, na nyuma yake aliandika ujumbe kwa vizazi: kwamba uhuru wa Marekani utakuwa baraka au laana kulingana na namna watu watakavyoutumia, kwamba haki pekee ndiyo inayoliinua taifa, na kwamba msomaji, awe nani, katika nafasi yake atende wema na kuwahimiza wengine. Naamini aliandika kwa moyo wake wote, na hilo ndilo linalonitia uchungu ninaposoma. Angekuwa mnafiki wa kawaida tungemfahamu haraka na kumwacha. Huyu aliamini. Kukiri kwake kulikuwa kumekwisha kuchukua nafasi ya kutenda, hata nadhani hakuiona tena tofauti kati ya hayo mawili.

Barua ya 1773 ilikuwa na sentensi moja zaidi ambayo haipewi nafasi ya kutosha. Henry aliandika kwamba anaamini siku itakuja ambapo fursa ya kuufuta uovu huu itapatikana, na kama haitakuja katika siku zetu, basi tuwaachie watoto wetu, pamoja na watumwa wetu, huruma kwa hali ya watu hao na chuki dhidi ya utumwa. Alidhani mambo haya mawili yanaweza kurithishwa kwa pamoja. Fursa ilikuja Januari 1832, baada ya maasi ya watumwa yaliyoongozwa na Nat Turner, pale wabunge wa Virginia walipokaa Richmond kujadili hadharani kama utumwa ukomeshwe. Mjukuu wa Jefferson alileta mpango wa kuukomesha polepole. Watumwa wa Virginia walikuwa 292,627 katika sensa ya 1790; katika ile ya 1830 walikuwa wamefika 469,757. Wajumbe waliitana wana wa waasisi, wakasifu mababu zao, wakakiri kwamba utumwa ni mzigo. Azimio la kuuondoa likakataliwa kwa kura 73 dhidi ya 58, na baada ya hapo Virginia ikaanza kuwasikiliza wasomi waliofundisha kwamba utumwa ni jambo jema.

Ukombozi ulipokuja ulikuja kwa njia ileile aliyoitabiri Henry mwaka 1788 akitaka izibwe: serikali kuu, ikiwa vitani, ikatumia mamlaka ya vita. Rais Lincoln alitia saini tangazo la kuwaacha huru watumwa Januari 1, 1863. Lilifika kaunti ya Charlotte pamoja na askari, Aprili 1865, jeshi la Lee, jenerali wa majimbo ya kusini yaliyojitenga, liliposalimu amri Appomattox, safari ya siku moja au mbili kwa farasi kutoka Red Hill.